Singo Iliyobaki Bakulini

Mbu alitua shingoni mwa Siwema, akanywa mpaka tumbo likawa jekundu, akaondoka kwa kujikokota kama mtu aliyetoka karamuni. Siwema aliendelea kuchambua mchele. Hakumpiga, hakujikuna, wala pale alipokaa mbu hapakuota hata kipele.

"Mbu amekula hapo," nikamwambia.

"Ashibe, bibi. Naye ana wanawe."

Mwajabu, shoga yake wa kiwandani, alicheka nusura amwage ungo. "Bi Mwantumu, sisi mbu wanatupenda. Hatuna makofi, hatuna kelele. Wakitoka kwetu wanaenda kualikana."

Nilicheka nao, lakini moyo haukucheka. Wote wawili walikuwa na bubu mkononi. Kiwandani jina lake ni Tulizo. Ni kitu kidogo kama punje ya mchele, wanakipachika chini ya ngozi, ndani ya mkono karibu na kwapa. Sisi mtaani tulikiita bubu, maana ukishapachikwa mwili wako hausemi tena.

Kabla ya bubu, wasichana wa vyumba vya kutia kanga rangi walikuwa wakirudi na vidole vimepasuka, macho yamevimba kama wamepigwa, kifua kinapiga filimbi. Wengi hawakumaliza hata mwezi. Kiwanda kikawa kinatafuta watu kila mtaa na hakipati. Ndipo ikaja bubu. Vidonda vikakauka, vifua vikanyamaza, wasichana wakarudi kwenye mabeseni wanaimba. Watu walipiga vigelegele. Mimi pia nilipiga, siwezi kukataa.

Maana kila mtu alizitaka zile kanga za kugeuka. Mwajabu alikuwa amejifunga moja siku hiyo. Akapitisha kidole gumba kwenye pindo, jina la kanga likayeyuka kama chumvi, likaja jingine: MWENZENU NANGOJA POSA.

"Posa gani hiyo kila siku unaingoja haifiki?" nikamwuliza.

"Imefika, bibi! Siwema akitoka ndani, mimi naingia. Na ni wewe utakayenisinga, usinipe visingizio vya mgongo."

Rangi ile iko hai, ndivyo wanavyosema. Si hai ya kula na kuzaa. Ina chembe ndogo zinazojua kuhama na kujipanga upya zikiguswa au zikiitwa kutoka kiwandani. Ndiyo sababu haichuji hata ukiifua kwa jiwe. Na ndiyo sababu haikutoka kwenye kucha za Siwema, ingawa alizisugua kwa ndimu na majivu.

Siwema ni mtoto wa marehemu binti yangu. Nimemlea tangu hajaota meno. Alikuwa anaolewa na Kombo, fundi wa betri za nyumba, kijana mpole mwenye mama mwenye mdomo. Ijumaa ile ilikuwa aingie ndani, na mimi kazi yangu maisha yote ni hiyo, kuwaweka wari ndani kabla ya harusi na kuwasugua kwa singo ya manukato mpaka watoke wananukia.

"Unajua sharti," nikamwambia. "Mwari anaingia kama alivyozaliwa. Hereni, kipini, pete, uzi, vyote vinabaki nje."

Siwema akaacha mchele. "Na bubu?"

"Bubu si kipini," Mwajabu akadakia. "Wanasema usiitoe mwenyewe."

"Wanasema kwa nini?"

"Hawasemi kwa nini. Wanasema tu."

Somo wangu aliyenifundisha kazi alimvua mwari hata uzi wa kidonda. Sikuwahi kumwingiza mtu ndani na kitu cha kupachikwa, na sikutaka kuanza na mjukuu wangu. Lakini sikumlazimisha. Ni yeye aliyesema, akiniangalia, "Itoe, bibi. Nataka niolewe nikiwa mimi."

*

Nilichemsha wembe. Siwema alivua hereni, akavua hirizi ya mama yake, akaninyooshea mkono. Ngozi ikafunguka, damu ikaja kidogo, punje ikatoka inang'aa. Niliiweka kwenye kisahani cha kahawa. Kabla sijamaliza kumfunga kitambaa ilikuwa imeshafifia, rangi ya jino bovu.

"Kusinga tunangoja kidonda kikauke," nikasema. "Singo yangu ina karafuu, itakuchoma mpaka uite watu."

Kesho yake, jua la alasiri limeingia dirishani, nikasikia ananiita. "Bibi! Bibi njoo!" Nilikimbia nikidhani nyoka. Nikamkuta amekaa kitandani, mguu ameunyoosha, anaonyesha kifundo.

"Kipele," akasema.

"Mbu huyo."

"Inawasha, bibi!" Akajikuna, akafumba macho. "Yaa Rabi, nilisahau utamu wake."

Akaniomba niseme kama na mgongoni kipo. Kilikuwepo. Nikamkuna, naye anacheka, nami nacheka, mpaka machozi. Kisha akaenda kunusa zile karafuu nilizoanika, akapiga chafya, akanusa tena apate nyingine. Tangu atoke shule hakuwahi kupiga chafya. Nilimwacha anachezea pua yake kama mtoto mchanga aliyeona vidole vyake kwa mara ya kwanza.

Nilikuwa na furaha siku hiyo. Naisema kwa sababu haikurudi.

*

Asubuhi iliyofuata kidonda kilikuwa kimekauka. Nilitwanga liwa, nikatwanga mawaridi makavu na karafuu, nikachanganya na asumini na marashi kwenye bakuli langu la mti. Nilikuwa navuruga kwa vidole Siwema alipokuja kusimama mlangoni, mikono ameishika mbele kama anayengoja kumwagiwa maji.

"Bibi, sasa inawasha sana."

Kuanzia vidole mpaka viwikoni ngozi ilikuwa nyekundu imetuna, na mwisho wake ni mstari, pale hasa yanapofika maji ya beseni la rangi. Nikamfunua kiunoni. Mstari mwingine, pale anapofunga kanga. Malengelenge yalikuwa yanapanda huku natazama. Nilisimama na singo mbichi vidoleni. Sikuwa nimemgusa nayo.

Kope zikafuata. Kisha midomo. Kisha akaniita "bibi" na sauti haikutoka yote.

Jirani alitoa bajaji yake, tukafika hospitali amelala mapajani mwangu, kila pumzi anaivuta kwa mabega. Daktari, kijana mwenye huruma, alimchoma sindano, na koo likafunguka. Nikasema alhamdulillahi. Baada ya muda mfupi likaanza kufunga tena. Akamchoma nyingine. Likafunguka, likafunga.

Daktari alinivuta pembeni. "Bibi, mwili wake una mzio na ile rangi."

"Niambie kwa maneno ya kwetu, baba."

Akafikiri. "Mwili ukikutana na kitu kama kile unaikariri sura yake. Ukikiona tena unapiga kelele. Ndiko kuwasha, ndiko kuvimba, ndiko kubana kifua. Mtu wa kawaida anasikia kelele anakimbia kazi, mwili unatulia. Huyu alizibwa mdomo. Rangi imeingia miaka yote, mwili unakariri tu, hausikiki. Leo mdomo umefunguliwa, unasema yote pamoja."

"Basi itoeni rangi."

"Ingekuwa nje ningeiosha. Imo kwenye damu, imo kwenye mapafu, na haifi. Sindano yangu ikiisha nguvu mwili unaiona upya. Kitu cha kuunyamazisha moja kwa moja ni ile shanga, hiyo mnayoiita bubu, na hapa hatuna. Wanayo wao kiwandani, nimeshawapigia simu."

"Na mwili ukinyamaza, hiyo rangi huko kwenye mapafu inakuwa inafanya nini?"

Aliangalia viatu vyake. "Inaendelea, bibi."

*

Aliyekuja na shanga ni Mwamvita, nesi wa zahanati ya kiwanda. Nilimsinga mwenyewe alipoolewa. Alisimama mbali na kitanda, kisanduku amekibana kwapani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja nayo?"

"Ninayo." Hakusogea. "Wanataka useme neno kwanza."

"Neno gani?"

"Useme kwamba ulimsinga, na singo ndiyo iliyomdhuru. Uwaonye wasichana wasivue Tulizo kwa ajili ya mambo ya ndani."

"Mwamvita, singo iko nyumbani bakulini. Haijamgusa mtoto."

"Najua."

"Wewe nilikusinga. Ulitoka na kipele?"

"Sikutoka na kipele, bibi. Usinilize hapa, nakuomba." Akagusa kola ya gauni lake. Palikuwa na kitu kama kifungo, kina taa ndogo. "Wananiona."

Nikaitazama ile taa, nikajua kuna mtu amekaa mahali penye kiti kizuri anamwangalia mjukuu wangu akikatika pumzi, na anangoja.

Mwamvita akaendelea, sauti ya chini. "Na hii si kama ya kwanza. Hii inawashwa na kuzimwa kutoka kule. Ukisema leo, halafu kesho ukaenda kusema vingine..."

Siwema alikuwa amesikia. Macho yalikuwa yamefunga kwa uvimbe, lakini alinitafuta kwa mkono, akanishika kifundo cha mkono. Akatikisa kichwa. Midomo ile iliyovimba ikahangaika, na pumzi aliyokuwa nayo akaitumia yote kwa neno moja.

"Usiseme."

Nilimwelewa. Alikuwa anamfikiria Mwajabu na wale wote wanaochovya mikono kwenye mabeseni huku wanaimba. Kama angekufa pale, wakaja kuosha maiti wakaiona mikono ile na mistari ile, nani angerudi kwenye rangi siku ya pili? Mama zao wangewafungia ndani. Alijua. Alikuwa ameshachagua, na mimi nilimlea awe mtu wa namna hiyo.

Lakini nilishamzika mama yake. Nilimwona binti yangu akibebwa kwenda kaburini nikasimama siku ile, na sikuwa na miguu ya kusimamia tena. Hilo ndilo nililofikiri. Sikufikiri zaidi.

Nilivibandua vidole vyake kimoja kimoja kutoka mkononi mwangu.

"Haya," nikamwambia Mwamvita. "Niseme wapi?"

"Hapa kwenye kifungo."

Nikainama nikasema. Singo yangu ilimdhuru mjukuu wangu. Msivue Tulizo. Mwamvita alipachika shanga akilia. Kabla chai niliyoletewa haijapoa, Siwema alikuwa anavuta pumzi ndefu za mtu aliyelala. Malengelenge yalilala. Ngozi ikawa nyororo kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Ungemwona usingejua kitu.

Nilitoka barazani nipate hewa. Kwenye benchi palikuwa na mwanamke na jirani yake, amejitanda kanga ya kugeuka. Nikiwa naitazama, jina la pindo likayeyuka lenyewe, hakuna aliyeligusa. Likaja jingine. Mimi kusoma kwangu ni kwa kuunganisha silabi, nikaanza, si-ngo, ya-ngu, nikafika mwisho ndipo nikaliona jina langu.

SINGO YANGU ILIMDHURU MJUKUU WANGU. BI MWANTUMU.

Pale uani, wanawake waliokuwa wanapita na vikapu, migongoni mwao wote, neno hilo hilo.

Yule wa kwenye benchi akavuta pindo akasoma. "Ona! Hivi vibibi navyo. Zamani zao zimekwisha, sasa wanatuulia watoto." Akanigeukia mimi, mtu mzima mwenzake wa kusikitika naye. "Au nasema uongo, mama?"

"Kweli tupu," nikamwitikia.

*

Harusi ilifanyika. Kiwanda kilileta kanga kwa wageni wote, doti kwa doti, na siku nzima zikawa zinageuka pamoja, HONGERA SIWEMA, kisha TULIZO TUMETULIA, kisha HONGERA tena. Mama yake Kombo alipita kila kundi akieleza jinsi mkwe wake alivyoponea chupuchupu kwa bibi yake. Nilivaa kanga yangu ya pamba, ile yenye jina moja tangu niliponunua.

Siwema alitoka bila kusingwa. Walimpulizia manukato ya chupa. Ngozi yake iling'aa hata mpambaji akasema hajapata kupamba ngozi iliyotulia vile, na wanawake wakapiga vigelegele. Alipopanda kibaraza alisimama kidogo katikati ya ngazi, mkono kifuani. Hakukohoa. Bubu hairuhusu kikohozi. Alisimama tu kama anayesikiliza kitu, halafu akapanda.

Nilikaa ubavuni kwake. Mbu alitua kwenye mkono wake uliopambwa, juu ya ua la hina, akaanza kunywa. Nilimtazama mpaka akashiba.

"Nilikukataza, bibi," Siwema akasema. Hakunigeukia, uso umewaelekea wageni.

"Nilikusikia."

"Nilidhani hukunisikia. Nikajisemea, sauti haikutoka."

"Ilitoka, mama. Nilikusikia vizuri."

Wakaja wapiga picha, akatabasamu.

*

Mwajabu alikuja mchana wa siku nyingine, peke yake. Siku zake za kuingia ndani zilikuwa zimefika. Kwa kawaida anabisha hodi huku ameshaingia jikoni anafunua sufuria. Safari hii alingoja mlangoni mpaka nikamwambia karibu.

Tangu ile siku hakuna mwari aliyeletwa kwangu. Bakuli la singo lilikuwa bado liko pale pale juu ya kabati, limekauka na kupasuka kama matope ya kiangazi. Sikuwa na mkono wa kulimwaga.

"Naingia ndani wiki hii," Mwajabu akasema. "Nimekuja kukuuliza neno moja tu, bibi. Ilikuwa singo?"

Dirishani niliweza kumwona Siwema. Yeye na Kombo walichukua chumba cha uani. Alikuwa anaanika nguo, akanyanyua shuka, akasimama. Mkono juu ya kamba, mwingine kifuani. Anasikiliza.

"Ilikuwa singo, mwanangu."

"Sawa." Alikaa kwenye kigoda. Akaliangalia bakuli, akaniangalia mimi, macho yakateremka mpaka mapajani pangu. "Unaiponda wewe mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Kwa vidole?"

"Tangu mama yako hajazaliwa."

Akavuta kigoda karibu, akaishika mikono yangu, akaigeuza viganja juu, akaigeuza tena. Mikono ya kizee, mishipa mitupu, haina kovu wala baka.

"Mbona mizima?" akauliza.

Neno nilikuwa nimekatazwa. Kuhusu mikono hawakunikataza kitu. Nikamwachia aitazame kadiri anavyotaka.

Halafu akaanza kusema taratibu, kama anayepiga hesabu ya vitu vya sokoni. "Basi nikivua, nitakuwa kama yeye alivyokuwa. Tumebadilishiwa wote, bibi, tunazo hizi mpya. Nikiacha kazi wanaizima, itakuwa kitu kile kile. Nikibaki..." Akageuka dirishani. Siwema alikuwa bado hajaitundika ile shuka. "Nikibaki, ndiyo ile."

Nilitaka kumwambia samahani. Nilitaka kumwambia kwamba ningenyamaza siku ile, huenda wangemzika mmoja na yeye angepona. Lakini hata hilo si kweli. Alishachovya mikono miaka mingi. Na hata lingekuwa kweli, mdomo wangu si wangu tena, uko kwenye kifua cha yule pale uani.

Mwajabu aliinuka, nikadhani anaondoka. Alikwenda kabatini, akalishusha bakuli, akaliweka miguuni pangu. Akavuta pazia. Akafungua vifungo vya gauni.

"Nisinge."

"Una bubu mkononi. Sijapata kumsinga mtu hivyo."

"Nisinge hivyo hivyo. Nilikwambia ni wewe utakayenisinga, na sitaki visingizio vya mgongo." Alitaka kucheka, ikamshinda. "Angalau nitoke nanukia."

Nilimimina marashi, singo ikalainika. Harufu ikajaa chumba kama siku zote. Nikamketisha juu ya mkeka, nikaanza na mabega, nikashuka mgongoni, mikononi nikapita juu ya ile punje iliyotuna chini ya ngozi, nikaizunguka. Kucha zake zilikuwa na rangi ile. Nilisugua kwa nguvu kama ninavyowasugua wote, pale ambapo kila mwari hupiga kelele na kuniita mchawi.

"Inachoma?" nikamwuliza.

"Haichomi, bibi."

Nikazidisha karafuu.